Pongezi kwa Wafugaji wa Kozi

Hapa Goma ndege mwindaji tunayemzoea ni mwewe. Simama ufukoni mwa Ziwa Kivu samaki wadogo waitwao sambaza wanapoanikwa, utamwona akishuka, anakwapua mmoja na kupaa bila kutua. Hatuna desturi ya kuwinda kwa ndege, lakini nawapongeza wanaoifanya kazi hiyo kihalali, maana utaratibu wao unawakinga hata ndege wa kwetu.

Kozi, ndege wanayemtumia kuwinda, anayeshuka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa, yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ambao Kongo imo tangu 1976. Kumnasa porini na kumuuza nchi za nje ni marufuku. Mfugaji halali humtotolesha mwenyewe. Kifaranga akiwa na siku chache tu huvishwa pete isiyo na kiungo. Mguu ukishanenepa haitoki, wala haiwezi kuvishwa ndege mzima aliyeibwa porini. Kisha kila siku anapimwa uzito kwa gramu, kwa kuwa aliyeshiba harudi mkononi na aliyekonda hana nguvu za kuruka. Subira hiyo naistahi kwa moyo wote.

Katika Falme za Kiarabu kozi ana pasipoti yake, na tangu 1995 wengi wamerudishwa porini. Mfugaji wa Abu Dhabi anayemkataa ndege asiye na pete anawapunguzia mzigo walinzi wa Virunga, wanaoitumikia mbuga ile kwa kuhatarisha maisha yao.