Gobore la Kirangozi

Mchezo wa kuigiza wa mezani una sehemu moja ninayoipenda kuliko vita vyake vyote: saa ile kabla dadu hazijarushwa, wachezaji wanapoamua watakuwa nani na watashika nini mkononi. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, michezo ya namna hii imeenea pamoja na vitabu vinene vya kanuni na majedwali ya silaha. Mchezaji hupitisha kidole kwenye jedwali, akiikuta bunduki yenye namba kubwa anaiandika. Huko si kuchagua.

Msimulizi anayeijua kazi yake huanza na mwaka. Mimi, nikiandaa mchezo hapa Mhunze, Shinyanga, hupenda kuanzia Desemba 1884. Mwezi huo alifariki Mirambo, mtemi wa Urambo, na mwezi huohuo akafariki Nyungu ya Mawe, mtawala mwenye jicho moja aliyeiunganisha Ukimbu kwa nguvu. Majeshi mawili ya rugaruga, vijana waliozoea kula kwa vita, yakabaki bila wale walioyakusanya. Ukimbu ikashikwa na Mgalula, binti wa Nyungu, na haikuvunjika. Urambo ikaanza kulegea. Misafara iliyozoea kujua inamlipa nani hongo ya kupita sasa inapiga hatua kwa mashaka. Nikiwa na mwezi kama huo, sihitaji kubuni joka.

Ndipo namgeukia mchezaji. Kijana akiniambia anataka kuwa shujaa mwenye bunduki, namuuliza: katika msafara huu wewe ni nani? Kirangozi anayetangulia na kuijua njia? Mnyampara anayegawa posho na kusikiliza malalamiko? Mpagazi wa Kinyamwezi mwenye frasila mbili begani, na mkewe nyuma amebeba chungu na michembe? Rugaruga aliyeachwa yatima na kifo cha Mirambo? Au Mrongo kutoka upande wa Geita, mtu wa jamii ya wayeyusha chuma, anayekwenda Tabora kuuza majembe? Mtu akishajulikana, bunduki yake huwa karibu imekwisha kujitaja.

Nayo mara nyingi ni gobore. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujaza kwa nyuma, miaka ya 1860 na 1870, zile kuukuu za kushindilia kwa mdomo ziliuzwa kwa wingi kupitia Unguja, zikapanda bara zikibadilishwa kwa pembe za ndovu. Hapa ndipo ninapotaka mchezaji atulie. Gobore la gumegume hulala mvua ikinyesha, maana baruti ya kwenye kisahani hulowa. La fataki huvumilia zaidi, lakini fataki zenyewe hutoka pwani, na zikiisha limekwisha. Jiwe la gumegume mtu aweza kulitafuta njiani, na risasi za chuma mhunzi aweza kuzifua. Kwa hiyo kirangozi mwenye akili, anayekwenda miezi kadhaa mbali na duka lolote, ana sababu nzuri ya kushika bunduki ya zamani zaidi. Jedwali halitakwambia hivyo. Atakwambia kirangozi mwenyewe, ukimsikiliza.

Martini-Henry, bunduki ya Waingereza ya mwaka 1871, naitoa kwa nadra, moja kwa msafara mzima, na mwenye nayo lazima aeleze ilivyomfikia. Mchezo ukipita mwaka 1890 nabana zaidi, kwani Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu gumegume na baruti ya kawaida. Kila mshindo wa baruti nauhesabu kwa punje ya dengu. Mchezaji huziona zikipungua mezani, naye huanza kuzungumza na adui kabla ya kulenga. Kushindilia baruti, kitambaa na risasi huchukua muda, moshi huziba macho, na anayekuja mbio na mkuki hasubiri. Ucheleweshaji huo huzaa mazungumzo bora kuliko kanuni yoyote ninayoijua.

Baruti yenyewe yaweza kuwa mhusika. Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe, ngome yake ya Tabora ilipoingiwa na Wajerumani, aliiwasha ghala ya baruti akiwa ndani. Mchezo unaofika siku hiyo naucheza polepole, na sikubali mtu ashangilie.

Kwetu silaha haijawahi kuwa pambo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukawa wa kumwaga damu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Shinyanga na Tabora vikaunda ulinzi wa Sungusungu, ulioitwa pia Basalama, kwa pinde na mishale. Wapo waliobaki na makovu ya miaka ile. Mchezaji wangu akichagua upinde mbele ya jedwali lililojaa bunduki, namheshimu, kwa sababu anajua mshale hautoi moshi wala hauhitaji fataki kutoka Unguja.

Mhusika bora niliyewahi kumwona mezani alikuwa yule Mrongo wa majembe. Binti aliyemchagua hakumwandikia silaha yoyote, isipokuwa nyundo, koleo na mivukuto. Kufikia katikati ya safari kila gobore la msafara lilikuwa limepita mikononi mwake: mtambo ulegee, mtutu upasuke, risasi ziishe, wote walimwendea yeye. Rugaruga mwenye majivuno kuliko wote alijikuta akimbembeleza kwa nyama na kumwita kaka. Na usiku walipobishania kama walipe hongo au wapigane, mnyampara aligeuka kumtazama Mrongo kwanza, maana ndiye aliyejua ni bunduki ngapi zingewaka asubuhi.