Jaji, Mtaalamu na Mvuvi wa Pemba

Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini na kampuni ya RAK Gas mkataba wa kutafuta mafuta na gesi katika kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mazungumzo ya mafuta aghalabu huishia kwenye mgawo wa mapato. Sisi twauliza jambo jingine. Siku mvuvi wa Wesha atakapokipinga kibali cha namna hiyo mbele ya Mahakama Kuu, Chake Chake, na mezani pakawekwa ripoti nene ya mikondo ya bahari, mitetemo na sumu, jaji asiyesomea hayo ataamuaje?

Wako wasemao: amwachie mtaalamu. Rai hii twaipinga. Ripoti ya athari za mazingira hugharimiwa na mwenye mradi. Si lazima iwe ya uongo, lakini hujibu maswali ya aliyeiagiza. Jaji anayeipokea kama msahafu hajawa mnyenyekevu mbele ya sayansi. Amekabidhi madaraka ya umma kwa mtu ambaye umma haukumchagua.

Hata hivyo, kutegemea macho na pua peke yake hakutoshi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka mitaani kwao. Halmashauri iliposhindwa ikaomba iongezewe muda. Jaji Lugakingira alikataa, akaeleza kuwa uchafuzi ule ulihatarisha haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Hukumu ya kishujaa, na haikuhitaji mkemia, maana moshi ulionekana. Lakini taka zilikwenda wapi? Zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakashtaki, na Jaji Rubama akazuia, akiiamuru Halmashauri itimize wajibu wake pasipo kuwadhuru watu. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti. Swali la kitaalamu, yaani taka zitupwe wapi na kwa njia gani, lilibaki mikononi mwa maofisa walewale walioshindwa, na mnyonge mmoja akampokeza mwenziwe mzigo.

Mfano ulio karibu zaidi na Pemba ni Lamu, nako watu huishi kwa bahari. Juni 2019 Baraza la Mazingira la Kenya, ambamo wanasheria huketi pamoja na wajuzi wa mazingira, lilifuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050. Baraza halikujifanya mhandisi. Liliuliza wananchi walishirikishwa lini, likaona kwamba mikutano ya awali ilikuwa ya utambulisho tu, na matokeo ya uchunguzi hayakurudishwa kwao ipasavyo ili wayajibu. Likaagiza uchunguzi ufanywe upya.

Hapo ndipo tunaposimama. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka wananchi washiriki kufikiri, kupanga na kutekeleza. Na kufikiri kulitajwa kwanza. Basi jaji wa Chake Chake haombwi kupiga hesabu za mitetemo. Aulize ripoti ilisomwa kwa Kiswahili katika shehia zipi, kabla ya kibali au baada yake. Aite mtaalamu asiyelipwa na upande wowote. Kisha amsikilize mvuvi ajuaye samaki huzalia wapi na maji huvutaje wakati wa kusi, na ayaandike maneno yake kama ushahidi, si kama malalamiko.