Sauti ya Hukwe: Kati ya Chibite na Assembly

Sisi wa Bagamoyo tuna tabia moja. Likitajwa jina la marehemu Hukwe Zawose, haraka tunasema, "Ah, yule mzee alikuwa kiboko!" Haya, kiboko kwa lipi? Hapo kimya. Sifa za namna hii hazimsaidii msanii wala msikilizaji. Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo fahari tuiweke kando, tupime albamu zake mbili zilizotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza: Chibite ya 1996, na Assembly ya 2002 aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook.

Kwanza tuelewane juu ya ilimba. Wagogo hawaitaki ilimba itoe sauti safi kama piano. Tundu la sanduku lake huzibwa kwa utando wa buibui ili mlio ukwaruze. Tena katika zile ilimba kubwa, vipo vyuma ambavyo kidole hakivigusi kabisa; hutetemeka vyenyewe wenzao wakipigwa. Huo mkwaruzo si uchafu. Ni sehemu ya muziki.

Na sauti ya Hukwe ilikuwa hivyo hivyo. Aliweza kuanza chini kabisa, kooni, kama mzee anayekoroma, mara akapanda juu mpaka ukadhani kaingia mwimbaji mwingine. Katika Chibite (yaani "twende" kwa Kigogo) safari hiyo yote unaisikia. Ndugu yake Charles Zawose anaimba karibu naye sana, lakini sauti zao hazimezani. Ya Charles imenyooka, ya Hukwe ina makunyanzi. Fundi mitambo kawaacha walivyo. Hata pumzi unaisikia, na mkwaruzo wa ilimba umebaki. Kasoro ipo: ni muziki wa chumbani. Vishindo vya miguu na kundi zima likiitikia uwanjani, hayo usiyatafute humo.

Assembly ni habari nyingine. Brook si mbabaishaji. Alishafanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Gitaa lake linatandaza sauti ndefu, nzuri, kama ukungu wa asubuhi baharini. Lakini ukungu huficha. Ilimba imelainishwa, na mara kadhaa Hukwe anageuka pambo ndani ya nyumba ya mwenzake. Ukitaka muziki wa kupumzikia, nunua. Ukitaka kumjua Hukwe, hapana.

Wapo watakaosema, "Acha ushamba, muziki lazima ubadilike." Sawa, nani kakataa? Hukwe mwenyewe alitoka Dodoma na muziki wa kwao, akaupeleka jukwaani, akaufundisha katika Chuo cha Sanaa hapa kwetu. Hayo nayo ni mabadiliko. Swali langu ni dogo tu: yakishafanyika, nani anasikika zaidi?

Na swali hili si la mchezo. Hukwe alifariki Desemba 2003, na Charles akamfuata mwaka uliofuata. Kijana anayejifunza ilimba leo hana mzee wa kumkosoa vidole, ana rekodi. Rekodi ikifuta mkwaruzo, naye ataufuta, akidhani ndivyo ilivyokuwa. Baada ya muda tutakuwa na ilimba safi zisizo na Ugogo ndani yake.

Bahati nzuri ukoo haujanyamaza. Mwaka 2024 Zawose Queens, Pendo bintiye Hukwe na Leah mjukuu wake, walitoa albamu yao, Maisha. Wanawake ambao zamani walikuwa waitikiaji sasa wanaongoza. Nao tusiwapokee kwa makofi matupu. Tuwasikilize, tuseme wapi wamepatia na wapi gitaa la mgeni limewafunika.

Kwangu mimi, Chibite inabaki mbele. Asiyekubali achukue kalamu, lakini azisikilize zote mbili kwanza.