Mwine Si Mmiliki: Kusoma Upya Nachituti's Gift

Kitabu cha David M. Gordon, Nachituti's Gift (2006), kinahusu uvuvi wa Ziwa Mweru na Mto Luapula. Msingi wake ni simulizi ya Nachituti, aliyemkabidhi Mwata Kazembe nchi na maji baada ya Kazembe kumuua Nkuba, kaka yake Nachituti, aliyekuwa amemuua mwanawe.

Ubora wa Gordon ni kuichukua simulizi hiyo kama hoja ya haki, si ngano ya kuburudisha. Aidha, anawapa nafasi wanawake wa biashara ya chisense, dagaa wa ziwa hilo.

Hata hivyo, Kiingereza kinamponza. Neno la Kibemba mwine analifasiri kwa maana ya mmiliki. Sisi tunalo mwenye, na ndani yake mwenyeji: anayepokea wageni na kuwajibika kwao. Mmiliki huuza, mwenyeji hukaribisha.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Sheria ya Uvuvi ya Zambia ya 2011 inatambua kamati za usimamizi wa uvuvi. Mwanaanthropolojia atakayeshirikiana na wavuvi wa Nchelenge kuziimarisha aulize kwanza: mwine ni nani? Akikosea neno, atakosea wajumbe.