Mlevi au Aliyeleweshwa? Kuisoma Upya "Gin Lane" ya William Hogarth

Nomino "mlevi" katika Kiswahili haimtaji tu mtu aliyelewa jana. Humtaja aliyezoea kulewa, na hivyo humbebesha ulevi kama tabia yake. Kitenzi "kulewesha", kinyume chake, hudai mtendaji mwingine. Tahakiki hii inaitumia tofauti hiyo kuisoma Gin Lane, picha iliyochongwa na kuchapwa, ambayo Hogarth aliitoa London mwaka 1751 pamoja na pacha wake, Beer Street.

Ni rahisi kuiona kazi hii kama mahubiri dhidi ya walevi. Usomaji huo hutosheka na beti zilizo chini ya picha, zinazonasibishwa na kasisi James Townley, ambamo jin hupewa sura ya shetani anayewinda binadamu. Katika beti hizo mleweshaji ni kinywaji chenyewe, wala hakuna mtu anayenufaika.

Picha haikubaliani na beti zake. Kweli, katikati ameketi mwanamke mwenye miguu ya vidonda, akichukua ugoro huku mtoto akimponyoka na kuporomoka kando ya ngazi za kilabu cha chini ya ardhi. Mtazamaji wa wakati ule angeweza kumkumbuka Judith Dufour, aliyehukumiwa mwaka 1734 kwa kumuua bintiye na kuziuza nguo zake ili apate jin. Hata hivyo, jicho likisogea kushoto linakuta duka la rehani la Gripe, jina lenye kudokeza kukaba. Hapo seremala anaweka rehani msumeno wake, na mwanamke mwingine vyombo vyake vya kupikia. Mtu aliyetoa msumeno hana tena njia ya kurudi kazini. Nyumba nyingine zinabomoka. Ya Gripe imesimama imara. Kwa maoni yetu, msumeno huo una uzito kuliko mtoto anayeanguka, ijapokuwa ni mtoto anayekumbukwa na kila mtu.

Katika Beer Street mambo yamegeuzwa: mwenye duka la rehani ndiye aliyefilisika, naye anapokea bia yake kupitia tundu la mlango. Wanywaji wamenenepa na wana kazi. Hapa Hogarth anakwepa swali alilolizusha mwenyewe. Je, bia ndiyo iliyowapa kazi, au ni kazi iliyowapa uwezo wa kunywa bia kwa kiasi? Picha hizi mbili zinapotazamwa sambamba, kinywaji kinabeba lawama, na sifa pia, ambazo kwa sehemu kubwa ni za ujira.

Suala la hadhira nalo halipaswi kupuuzwa. Maandishi juu ya mlango wa kilabu yanaahidi ulevi kwa peni moja. Nakala ya kawaida ya picha iliuzwa kwa shilingi moja, yaani peni 12. Hogarth alikusudia bei hiyo iwe nafuu kwa wengi, lakini kwa mwanamke wa pale ngazini ingekuwa gharama ya kulewa mara 12.