Fundi Anayeisubiri Hitilafu

Gari likichemsha kwa sababu rejeta inavuja, hata mpiga debe atakuonyesha tatizo. Kazi ni lile linalochemsha leo kwenye foleni ya Ubungo, kesho likatulia kwenye foleni ileile, feni ikizunguka kama vile haijawahi kugoma. Hapo ndipo utamjua fundi umeme na mbadilisha vipuri.

Gari likiwa mwendoni upepo huipoza rejeta, kwa hiyo feni mbovu haijulikani mpaka msimame. Fundi ninayemsifu hapa hakimbilii spana. Anawasha injini, anafungua boneti, anasubiri. Joto linapita nyuzi 90, feni inaanza kuzunguka kwa uvivu. Sasa ndipo anashika mita. Wengi wangechomoa soketi ya feni, wakapima, wakaona volti 12, wakatangaza kwamba mota imekufa. Lakini hata waya ulioliwa na kutu ukabaki uzi mmoja husoma volti 12, ilimradi haujabebeshwa mzigo. Yeye anaiacha feni izunguke, ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya mweusi wa feni. Panapotakiwa kusoma karibu na sifuri, panasoma volti 3. Umeme unafika, njia ya kurudi ndiyo mbovu. Anaufuata waya mpaka kwenye bolti ya ethi: imepuliziwa rangi juu kwa juu, chini yake kutu tupu.

Fundi wa njia ya mkato angeshaunga feni direkti na kung'oa themostati (ugonjwa wetu sugu huo, injini hazipati joto lake). Kumbe gari lenyewe huweza kutoa jibu. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zilitengenezwa hivi: ukichomoa soketi ya swichi ya joto, feni inazunguka yenyewe, ili waya ukikatika injini isiungue. Fundi hodari huigeuza hekima hiyo kuwa kipimo. Anachomoa, anasikiliza. Feni ikivuma kwa nguvu, mota na rilei hazina kesi. Swichi ndiyo ijibu.

Leo kesi ni ya ethi. Anakwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, anakaza bolti, anapaka grisi. Mteja anauliza amebadilishiwa kifaa gani hata adaiwe hela yote hiyo.

“Hakuna, bosi. Ile rejeta uliyotaka kununua, walikwambia bei gani?”