Kabla ya Kusogeza

Shuka lilikuwa limepigwa pasi. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia darasa la Kidato cha Tatu katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya mji wa Salama, Makueni, nikadhani ni unadhifu tu wa mwenye shuka. Mwalimu alinieleza huku akilibana kwa vibanio vya nguo kwenye waya uliopita juu ya ubao. Kunjo moja, alisema, hupinda mstari ulionyooka, na mwanafunzi wa hisabati huamini anachokiona. Kama anataka watoto wayaamini macho yao, shuka lisiwadanganye.

Jina lake silitaji, wala la shule. Nilikwenda kumtazama akifanya kazi, kama mtu anavyokwenda kusimama karibu na seremala akanyamaza.

Alikuwa amefika nusu saa kabla ya kipindi. Madirisha ya mashariki alikuwa ameyaziba kwa magazeti, maana jua la asubuhi likiingia picha ya projekta hufifia isionekane. Projekta yenyewe, ambayo walimu wanaitumia kwa zamu, ilikuwa juu ya dawati lililoinuliwa kwa vitabu vikuukuu. Kipakatalishi chake kilikuwa na feni iliyovuma kama mashine ya posho inayosikika kutoka mbali. Ndani yake mlikuwa na GeoGebra, programu aliyoipakua mara moja kwa bando la simu yake, na ambayo tangu siku hiyo haijamdai mtandao. Markus Hohenwarter aliianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama kazi ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Jina la programu hiyo limeunganisha jiometri na aljebra, na kazi yake ni hiyo hiyo: andika mlinganyo, mchoro unatokea, badilisha mlinganyo, mchoro unakwenda nao. Walimu na wanafunzi huitumia bila malipo.

Nimewahi kuketi katika vipindi vingine vyenye projekta. Mara nyingi mwalimu huvuta kitelezi, kile kijistari chenye kitone kinachobadilisha namba, mbele na nyuma, mchoro unapanuka na kusinyaa, darasa linasema "aaah", na kengele inalia. Watoto wametazama sinema. Wakiulizwa kesho yake wameona nini, watasema kulikuwa na mstari uliokuwa ukicheza. Kwa hiyo nilikwenda Salama nikiwa na wasiwasi wangu, na nikaketi nyuma kabisa, karibu na ukuta.

Mwalimu huyu hakuwasha projekta. Aliwaambia watoe kazi ya jana. Kila mmoja alikuwa amechora kwa penseli, kwenye karatasi ya grafu, parabola mbili: ya y = x² + 1 na ya y = x² + 2x + 1. Kwanza jedwali la thamani, kisha nukta, kisha mkono unaounganisha nukta bila kuvunja. Wanafunzi 48, michoro 96, mingine ina vitako vilivyochongoka kama mkuki, kwa sababu mkono wa mwanafunzi hupenda kuunganisha nukta kwa rula. Alipita dawati kwa dawati. Kwa mwenye kitako kilichochongoka aliuliza swali moja tu: "Kati ya hizi nukta mbili, x haipo?" Mtoto alitazama, akafuta, akapinda mstari.

Nilijiona katika madawati yale. Mimi nilifundishwa parabola kwa chaki. Mwalimu wetu alichora mihimili kwa rula ndefu ya mbao, akajaza jedwali kutoka hasi tatu hadi tatu, akachora tao moja safi kabisa, na kipindi kikaisha. Tao moja kwa dakika 40. Tulijua kulichora, lakini hatukuwahi kuliona likihama, na kwa hiyo hatukujua kwamba matao yote yale ya kitabuni yalikuwa ndugu. Hata hivyo mkono ule ulitufunza jambo ambalo mashine hailifunzi: kwamba kila nukta imelipiwa kwa hesabu. Mwalimu huyu wa Salama anataka vyote viwili, na kwa mpangilio huo, mkono kwanza. Naamini ana haki.

Ndipo akawasha projekta. Juu ya shuka ilikuja parabola moja ya buluu iliyokolea, mstari mnene, na nukta nyekundu kwenye kitako chake. Hapakuwa na kingine. Dirisha la programu linaloonyesha milinganyo alikuwa amelificha, vitufe vyote amevificha. Baadaye aliniambia kwamba alianza zamani kwa rangi ya manjano na hakuna aliyeiona kuanzia dawati la tatu. Mihimili yote miwili aliipa kipimo kimoja, kwa sababu ukiubana mmoja tao hubadilika sura na mtoto akadhani hesabu ndiyo iliyobadilika. Kitelezi alikiwekea mipaka, kutoka hasi 6 hadi 6, ili nukta nyekundu isidondoke nje ya shuka wakati wa maana. Saa mbili za jana usiku zilikwenda kwenye maamuzi hayo, kwa ajili ya kusogeza kitone kwa dakika nane hivi.

"Hii ni ile yenu ya kwanza," alisema. "x² + bx + 1, na b ni sifuri. Kitako kiko wapi?"

"Sifuri, moja."

"Na ya pili, b ilipokuwa mbili?"

Waliangalia karatasi zao. Hasi moja, sifuri. Akasogeza kitelezi hadi mbili, taratibu, na nukta nyekundu ikatua pale pale walipoichora. Mashine ilikuwa imekubaliana na penseli zao. Ni hatua ndogo, lakini niliona mabega yakishuka: sasa walikuwa na sababu ya kuiamini.

Kisha akauliza swali la siku. "b ikiwa nne, kitako kitakuwa wapi?" Akaweka mkono juu ya kipanya. Akaacha.

Ningependa msomaji akione kile kimya. Vidole viko juu ya kipanya, kitone kinaonekana kwenye shuka, jibu liko umbali wa sentimita mbili, na mama huyu hasogei. Sekunde kumi. Ishirini. Darasa lenye vijana 48 na mashine inayovuma, na malori ya barabara ya Mombasa yakisikika kwa mbali yakibadilisha gia. Mkono mmoja ukainuka. "Hasi mbili, hasi moja, Mwalimu." Kwa nini? "Kilienda kushoto moja, kikashuka moja. Kitaenda tena kushoto moja, kitashuka tena moja." Vichwa vingi vikakubali. Mwingine akasema hasi mbili, sifuri: kimeshafika chini, sasa kitateleza tu. Msichana mmoja karibu na dirisha akasema hasi mbili, moja, kwamba kitapanda tena. Mwalimu aliyaandika yote matatu kwa chaki pembeni mwa shuka, herufi za ukubwa mmoja. Uso wake haukumpendelea yeyote.

"Chagueni." Wakapiga kura kwa mikono. Wengi walikuwa na wa kwanza.

Sasa ndipo akasogeza. Nukta nyekundu ilikwenda kushoto kama walivyosema, ikashuka, ikapita hasi moja. Ikaendelea kushuka. Ilipotua kwenye hasi tatu darasa lilikuwa limesimama nusu kutoka vitini. Hakuna aliyesema "aaah". Walisema "Aii!" kama watu waliodhulumiwa, na hasira ile ilikuwa ya watu waliokuwa wameweka kitu chao mezani. Yule anayetazama tu hana cha kupoteza. Hawa walikuwa na kura.

Mwalimu hakueleza. Alifuta ubaoni majibu mawili ya chini, akaliacha lile la wengi, akaandika kando yake hasi tatu. "Mara ya kwanza kilishuka ngapi?" Moja. "Mara ya pili?" Kutoka sifuri hadi hasi tatu: tatu. "Haya. b ikiwa sita?" Na mkono ukarudi juu ya kipanya, ukasubiri.

Safari hii kimya kilikuwa kirefu zaidi na hakikuwa kizito. Vijana walikuwa wakinong'onezana kwa Kikamba, kwa Kiswahili, namba zikiwa kwa Kiingereza. Yule msichana wa karibu na dirisha, aliyekuwa amekosea kuliko wote, alisema polepole: "Moja. Tatu. Halafu tano. Hasi nane." Kitelezi kikaenda sita. Nukta ikatua kwenye hasi 3, hasi 8. Akaulizwa na ya nane je, ambayo shuka halina nafasi yake? Akahesabu kwa vidole: itashuka saba, hasi 15. Hakuna picha iliyomthibitishia. Alikuwa ameshaivuka mashine.

Kulikuwa na tendo moja zaidi. Mwalimu alirudisha b kwenye hasi 6, akaiamuru nukta nyekundu iache nyayo, akauliza nyayo hizo zitakuwa na umbo gani. Wengine walisema mstari, wengine V iliyopinduliwa. Alivuta kitelezi taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Parabola ya buluu ilipanda kutoka kulia, ikapita juu, ikazama kushoto, na nyuma ya kitako chake likabaki tao jekundu lililoinama chini: parabola nyingine, upana ule ule, imegeuzwa kichwa. Nimeijua hesabu hiyo kwa miaka mingi na bado nilisisimka.

Baada ya hapo alichukua chaki. Akakamilisha mraba, hatua kwa hatua: x² + bx + 1 ni (x + b/2)² + 1 − b²/4. Kwa hiyo kitako kiko kwenye hasi b/2, na ukiita hiyo x, urefu wake ni 1 − x². Lile tao jekundu likawa limeandikwa ubaoni. Hapo alikuwa mkali kuliko wakati wote. Kijana aliyesema "lakini tumeshaona, Mwalimu" aliambiwa kwamba wameona nukta kadhaa zikipita juu ya shuka, na kwamba sababu ni kitu kingine.

Ufundi wa namna hii haukuanza na projekta. Mwaka 1998 Kenya na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwapa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari mafunzo kazini, na Makueni ilikuwa miongoni mwa wilaya tisa za majaribio. Msimamo wake ulikuwa kwamba mwanafunzi ashughulike, ajaribu, na mwalimu abuni vifaa kwa kilichopo. Kutokana na mradi huo kuna leo kituo cha mafunzo ya walimu cha CEMASTEA, Karen, Nairobi. Mwalimu huyu alikuwa mwanafunzi hapa hapa Makueni miaka ile, na anakumbuka akipimishwa urefu wa mti kwa kipimapembe cha plastiki, uzi na kokoto. Anasema kipakatalishi chake ni kokoto tu lililopanda cheo. Mimi nasikia ukoo humo: mtoto abashiri, apime, abishane na kipimo.

Kwa Kidato cha Pili, kwenye mada ya mteremko, huweka ndani ya GeoGebra picha aliyoipiga kwa simu, ya matuta ya kilima kilicho mbele ya shule. Ni matuta ya fanya juu, ambayo mtaro wake huchimbwa kukingama mteremko na udongo ukatupwa upande wa juu. Wataalamu wa udongo duniani huyaita kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Wanafunzi huchora mstari juu ya picha na kusoma mteremko wake, kisha hupanda kilimani na kamba na pima maji kuupima. Majibu hayalingani. Picha iliyopigwa kwa pembeni hupunguza au huzidisha ukali wa mlima, na kutafuta kosa limetoka wapi huchukua kipindi kizima. Anakitoa kipindi hicho bila uchungu, ingawa silabasi inamkimbiza.

Ukitoka Nairobi, kabla ya kufika Salama unapita Malili, ambako ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza ulizinduliwa Januari 2013. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi za umma. Ni mambo makubwa na nayatakia heri. Lakini sijaona ripoti inayohesabu sekunde 20 za mkono uliotulia juu ya kipanya, na bila hizo sidhani kama yule msichana angefika kwenye tano.

Zilipobaki dakika 15 alizima projekta mwenyewe, na magazeti yakabanduliwa dirishani. Chumba cha mtihani wa taifa wa KCSE hakitakuwa na shuka. Mtahiniwa ataruhusiwa kikokotoo kisichopokea programu na majedwali ya hisabati ya baraza la mitihani, KNEC, na swali la grafu atalijibu kwa penseli. Aliandika ubaoni y = x² − 4x + 1, akasema wachore.

Madaftari yalifunguliwa na wengi wakaanza na jedwali, kama inavyotakiwa. Nilimtazama msichana wa karibu na dirisha. Alikuwa amechora mihimili na hakuwa ameandika namba yoyote. Aliweka kidole kwenye moja juu ya mhimili wa y, akakishusha polepole upande wa kulia kwa njia iliyopinda ambayo haikuwa kwenye karatasi, hatua moja, kisha tatu, akasimama. Akaweka nukta kwenye 2, hasi 3. Kisha akachukua rula, akaanza kuchora jedwali.